Bote za Mlango wa Tatu

Waliingia paseli, ua wetu wa vyumba vya kupanga, asubuhi, jua limekwisha panda, na hawakuuliza mtu. Walipita mlango wa kwanza, wakapita wa pili, wakasimama kwenye wa tatu, mlango wetu. Walikuwa watano. Mkubwa wao ni yule tuliyemwita Komanda Saa Sita, kwa sababu aliwaambia watu aliowakamata: ikifika saa sita hujasema, hutasema tena. Aliinamisha bunduki, akaingiza mtutu wake ndani ya bote moja ya mpira iliyokuwa kizingitini, akaiinua kama mtu anayeinua panya aliyekufa.

"Hii bote ni ya nani?"

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa anamaliza fufu ya muhogo iliyolala. Alitoka, akatazama bote, akanitazama. Bote zilikuwa za kaka yangu mdogo, aliyefika siku mbili kabla kutoka kwa machimbo ya Lulimba, na saa ile alikuwa anaoga ziwani.

"Ni yangu," mume wangu alisema.

"Vaa."

Alikaa kizingitini. Mguu wake ulikuwa mkubwa, wote walijua. Uliingia nusu, kisigino kikakwama.

"Mbona inakukatala?"

"Imekauka na jua, komanda."

"Bote ya kaucho inakauka? We unanifundisha kaucho?"

"Njo vile, komanda. Ni yangu."

Wakamwambia asimame hivyo hivyo na aende. Alitembea mpaka kwenye lango la ua visigino vikiwa hewani, anayumba kama mtoto aliyevaa viatu vya mama yake. Mtoto wetu Neema alikuwa mgongoni mwangu. Aliona baba yake anatembea vile, akacheka. Alicheka kwa sauti, akapiga makofi. Hicho ndicho kitu cha mwisho Baba Neema alichosikia kutoka nyumbani kwake.

Hakurudi.

Dakika chache baadaye aliingia mwenye paseli, mzee tuliyepanga kwake. Alikuwa amevaa kanzu safi, mkononi ameshika sindano yake ya kushonea viatu na uzi. Alitazama kizingiti kitupu. Hakuuliza wamempeleka nani. Aliuliza:

"Nani aliacha bote inje?"

Nilitema mate chini mbele yake. "Si ni sheria yako, viatu inje!" nikamwambia. Jioni ya siku ile ile tuliondoka, mimi, mtoto na kaka yangu, na kwa miaka mingi, katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, nilikuwa na mtu mmoja wa kulaani.

Tulimwita Bayere. Kwetu, mwenye kukupangisha nyumba ndivyo anavyoitwa, na kwa vile hakuna aliyemwita jina jingine, hata mimi sitamwita jingine. Tulimkuta mjini Baraka wakati vita ya pili imekwisha tufukuza Lubondja. Mashamba yetu yalikuwa kati ya wapiganaji wa milimani na wale walioshika mji, na kila upande ulivuna muhogo wetu kama wake. Watu walisema mjini angalau utalala. Basi tukatafuta chumba.

Paseli yake ilikuwa na milango minne iliyopangana, mabati, kiwanja katikati, na nyumba yake mwenyewe karibu na lango, ili aone kila anayeingia. Alikuwa mshona viatu. Mbele yake daima kulikuwa na gunia, na juu ya gunia rundo la viatu vilivyokufa vinasubiri kufufuliwa. Mume wangu alimwamkia, akaanza kueleza habari zetu, vita, shamba, mtoto. Mzee alimkatiza.

"Munatoka wapi?"

"Lubondja, papa."

"Sikuuliza mudomo. Nipe kiatu."

Mume wangu akavua. Bayere aligeuza ile sandali ya tairi, akachokonoa udongo na kucha, akaunusa. Naapa, aliunusa.

"Udongo mweusi, na nyuzi ya muhogo. Sawa, hii ni Lubondja. Ungelisema kwingine ningelikufukuza. Muko bangapi?"

"Batatu. Mi, bibi, na mutoto."

"Basi ntaona viatu ya batu batatu. Siku ntaona ya mutu wa ine, utanifasiria."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza na ya mwisho: viatu inje ya mlango, vimepangwa, ncha zinatazama kiwanja. Yeye alikuwa mtu wa familia za Waislamu wa pwani ya ziwa, na hakuingia katika chumba cha mpangaji hata mara moja. "Mulango ya bibi ya mutu si mulango yangu," alisema. Kwa hiyo alituhesabu kwa viatu. Asubuhi alipita mbele ya milango mikono nyuma, midomo inatikisika, na akifika mwisho alijua nani amelala, nani hakulala, nani ana mgeni. Ukiweka viatu ndani alikugongea. "Mutu anayelala na viatu yake ndani, huyo ni mwizi ao ni askari. We ni nani?"

Nilimchukia kwa hilo mapema. Mtu aliyekimbia vita hapendi kuhesabiwa.

Na hakuhesabu viatu tu. Alihesabu harufu. Mlango wa pili wakipika nyama, alisimama kiwanjani, pua juu: "Nyama iko inatoka wapi, siku kama hizi?" Mimi nikitwanga sombe, majani ya muhogo, wakati wa sala yake, alitoka ameshika birika la udhu. "Mama Neema, hiyo kinu yako inamwita Mungu kuliko mi?" Nikamjibu siku moja, "Papa Bayere, labda Mungu naye anapenda sombe." Alirudi ndani, nikadhani amekasirika. Jioni akatuma mtungi wa mawese. Hakusema ni wa nini. Niliyanusa yale mawese mara tatu kabla sijapika. Alikuwa amekwisha niambukiza.

Alikuwa hivyo, huwezi kumshika. Mwalimu wa mlango wa kwanza, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa na uzi, alisema Bayere hajawahi kumfukuza mtu kwa kukosa cha kulipa. Lakini alimfukuza mwanamke mmoja kwa sababu alisema anatoka Kilembwe na soli ya kiatu chake ilikuwa na mchanga wa ziwani. Siku ya Noeli alitupa sisi Wakristo samaki, migebuka mikubwa ya kukausha, halafu akakaa mlangoni kwake kuangalia ni nani anakula na nani anauza. Alisema kiatu hakina kinywa lakini kinazungumza. Alisema mtu anaweza kufundisha mdomo wake uongo, kisigino hakifundishiki. Mimi wa shule ya miaka mitatu nilidhani ni hekima. Baadaye, kambini, nilisema hapana, ni maneno ya mpelelezi.

Sasa sikilizeni habari ya viatu alivyovikalia, kwa vile ndiyo iliyoniumiza kichwa miaka yote.

Mlango wa pili alikuwa mjane na vijana wake wawili wakubwa. Wale walioshika mji walikuwa wanakamata wanaume wawabebee risasi kupanda milima, na waliobebeshwa wachache walirudi. Kila avenue, barabara moja na nyumba zake, ilikuwa na shefu wake, mkuu wa kuandika watu na kuonyesha nyumba. Wa kwetu alikuwa Asukulu. Namtaja, Asukulu, na nitamtaja tena. Asukulu alikuwa amewaambia askari: kwa yule mzee msisumbuke kuvunja milango, hesabuni viatu, mtapata watu. Kwa hiyo hata askari walikuwa wamejua sheria ya paseli yetu, na waliiamini kuliko kitambulisho.

Siku hiyo Bayere alisikia kelele kwenye paseli ya jirani. Aliinuka kwa namna ambayo sikujua mzee anaweza kuinuka. Alikusanya viatu vya wale vijana wawili, akavitupa kwenye rundo lake la viatu vibovu, akaketi juu ya gunia, akaanza kushona sandali moja kana kwamba aliianza jana. Askari waliingia.

"Mulango wa pili nani anakaa?"

"Mujane tu. Muangalie."

Palikuwa na jozi moja ya kandambili za mwanamke. Walitazama, wakaenda. Vijana walikuwa ndani, chini ya kitanda, wanasikia kila neno. Bayere alishona sandali ile mpaka mwisho, ndipo akaniita nimletee maji.

Mimi nilikuwa kizingitini, niliona yote. Na niliisimulia. Keshoye tukifua nguo ziwani niliisimulia na vitendo, nikaketi juu ya beseni langu na kupanua kanga. "Alikalia viatu kama kuku anakalia mayai!" Wanawake walicheka wakashika mbavu. Mama Shefu, mke wa Asukulu, alicheka mpaka sabuni yake ikamtoka mkononi na kuzama. Ilikuwa ni siku nyingi hatujacheka.

Halafu kaka yangu akaja. Alitembea kutoka Lulimba kwa siku nyingi, na kwa kuwa alikuwa mchimbaji wa dhahabu alivaa bote za mpira, nyekundu mpaka shingoni kwa udongo. Alipanga kukaa siku mbili, kuona dada yake, kurudi. Asubuhi ya kwanza Bayere alisimama mbele ya mlango wetu muda mrefu.

"Hii ya ine ni ya nani?"

"Ya kaka yangu, papa."

Akaigeuza. "Lulimba. Mama Neema, hii udongo, siku hizi, ni kesi. Bale ba milimani njo banavaa hivi. Umupeleke kwa shefu aandikwe."

"Anarudi kesho kutwa."

"Kesho kutwa iko mbali."

"Basi niziingize ndani. Nizifiche."

"Ndani apana." Alisema hivyo kwa ukali, akaziweka yeye mwenyewe kizingitini, ncha zinatazama kiwanja. "Mi niko hapa. Mi nikiwa hapa, hakuna neno."

Niliyashika maneno hayo. Mi nikiwa hapa. Kwa miaka miwili niliyokaa kwake sikumwona Bayere akitoka kwenye paseli asubuhi hata siku moja. Asubuhi ilikuwa ya gunia lake. Hata msikitini alikwenda sala ya mchana tu. Na asubuhi ile, asubuhi moja tu kati ya zote, alivaa kanzu safi akatoka. Askari wakaja. Akarudi na sindano.

Ng'ambo ya ziwa, kambini, mtu ana muda. Nililala juu ya mkeka nikiyapanga yale kama alivyopanga viatu vyetu. Aliniuliza bote za nani. Alitaka kaka yangu aandikwe. Alikataa nizifiche. Alijua jinsi ya kuokoa, nilimwona kwa macho yangu, na hakuokoa. Alitoka. Alirudi ameshika kifaa cha kazi, maana yake alikwenda kuwafanyia kazi, na malipo ya kazi yalikuwa ni sisi. Kaka yangu, ambaye toka siku ile hajavaa bote mpaka leo hata mvua ikinyesha, aliniambia, "Dada, labda aliitwa." Nikamwambia funga mdomo, wewe ulikuwa unaoga.

Nikiyazaa upya mawazo hayo kila mwaka, Neema alikua. Aliuliza baba alikuwaje. Nilimwambia alikuwa na miguu mikubwa. Sikumwambia kwamba yeye alicheka.

Tulirudi Baraka wakati redio zilipoanza kusema amani, na boti zikaanza kujaa watu na magodoro. Lubondja shamba letu lilikuwa limekuwa msitu, na mjomba mmoja amejenga katikati. Nikaanza tena kutafuta chumba, kama msichana. Mji ulikuwa umebadilika. Mabayere wapya hawanusi udongo. Wanakuuliza unafanya kazi katika shirika gani, na ukisema unauza mawese, wanasema chumba kimepata mtu jana. Nyumba tatu nzuri kuliko zote nilizoona, zenye vioo vya rangi, nilipouliza za nani, nikaambiwa za Shefu Asukulu. Sasa si shefu wa avenue tena. Ameongezeka, ni shefu wa mtaa mzima, na kila anayerudi kutoka ng'ambo lazima aandikwe kwake.

Siku ya tatu miguu yangu ikanipeleka yenyewe kwenye ile paseli. Sikwenda kupanga. Nilikwenda kumtazama usoni.

Mabati yalikuwa mekundu kwa kutu. Bayere alikuwa kwenye gunia lake, amekuwa mdogo, macho meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Mbele ya milango viatu vilikuwa vimepangwa. Sikumwamkia. Nilivua viatu vyangu, nikavitupa mbele yake, kwa dharau. Alipapasa. Akachukua kimoja, akageuza, akapitisha kidole gumba kwenye soli.

"Muchanga ya ng'ambo," alisema. Halafu akafika kisiginoni, upande wa kulia, unapolika kwa vile mimi hukanyaga upande. Akasema, "Mama Neema."

Nilikuwa nimebeba maneno miaka yote. Likatoka moja tu.

"Ulienda wapi ile asubuhi?"

"Kwa shefu."

"Kufanya nini?"

"Aliniita. Alituma mutu: kuya na sindano yako. Nikafika, akavua kiatu yake, akasema, hii mukanda imekatika, ushone. Mukanda ilikuwa muzima, Mama Neema. Niliuona. Ilikatwa na kisu." Alishika kiatu changu kwa mikono miwili. "Nikashona. Mi nilikuwa nashona ile yake, bale banafika hapa. Nilipomaliza akanipiga ku bega, akacheka. Akasema: 'Leo, muzee, hukukalia viatu ya mutu.'"

Nilikaa chini, kwenye udongo.

"Nikajiuliza, nani alimwambia? Ile siku ya bale batoto ba mujane, inje tulikuwa watu wachache. Nikafikiri, nikafikiri. Nikasema ni Mwalimu, mulango ya kwanza. Anaandika-andika siku yote, anaandika nini? Nikamufukuza. Alitoka na mvua, mutoto wake iko na homa. Alinililia, akaapa. Mi nikamwambia, kiatu yako hainiambii vile." Akaguna. "Sijue alienda wapi. Nimeuliza mpaka Kilembwe."

Mwalimu mwenye miwani ya uzi. Siku ile niliposimulia hadithi ziwani, Mwalimu alikuwa shuleni anafundisha watoto wa watu.

Ningeweza kunyamaza. Mzee alikuwa hanioni uso. Nilitazama mlango wa tatu, kizingiti kile kile, ufa ule ule, na sijui ni nini kiliniambia sema.

"Haikuwa Mwalimu," nikasema. "Ni mimi. Nilisimulia ziwani. Mama Shefu alikuwepo."

Alipapasa tena kisigino cha kiatu changu. Mtu alipita akamwamkia, hakuitika.

"Ulisema nini?"

"Nilisema ulikalia viatu kama kuku anakalia mayai."

Midomo yake ilitikisika kama zamani alipokuwa anatuhesabu. Nikangoja tusi. Nilikuwa nalitaka.

"Ilikuwa ya kuchekesha kweli," alisema. Akanirudishia kiatu, ncha inanitazama. "Mulango ya tatu iko wazi. Muko bangapi?"

Nilipanga. Mtu asiniulize kwa nini. Sijamsamehe kwa kukataa nifiche zile bote. Kama angenikubalia, zingekuwa chini ya kitanda. Naye hajasema amenisamehe mdomo wangu. Asubuhi anapapasa viatu vyetu na fimbo, tak, tak, na mimi namletea maji bila kuitwa. Wakati mwingine namwona ananyoosha fimbo mahali ambapo jozi ya tatu ingekuwa.

Sheria inataka anayepanga aandikwe. Nilikwenda kwa Shefu Asukulu. Amenenepa, ana meza yenye kioo. Hakunijua. Aliuliza natoka wapi. Nikamwambia Lubondja, halafu Baraka, halafu ng'ambo, halafu Baraka. Akauliza, "Muko bangapi?"

"Tuko babili," nikasema. "Tulikuwa batatu."

Aliandika mbili. Hakuinua kichwa.

Basi sasa naandika mimi, na kalamu yangu si nzuri, lakini jina lako naweza kuliandika. Asukulu. Mimi nimekwisha kujibu langu, mbele ya yule mzee, na nitalijibu mbele ya Neema pia, hata lile la kucheka kwake. Mzee amejibu lake juu ya Mwalimu, na linamla. Komanda Saa Sita amerudi alikotoka, sijui wapi, lakini wewe uko hapa, unatuandika. Ulikata mkanda wa kiatu chako mwenyewe kwa kisu ili mshonaji asiwe nyumbani kwake. Ulijua siku, ulijua saa, ulijua mlango. Uliogopa nini, au ulipewa nini? Na Baba Neema, aliyetoka kwetu kisigino kikiwa hewani, mlimvusha njia ipi, mkamsimamisha wapi, na udongo wa pale ni wa rangi gani? Sitaki uniambie pole. Nataka unionyeshe mahali, na useme mbele ya watu wa avenue kwamba ulikuwa ni wewe.

Unajua paseli. Niko mlango wa tatu. Viatu vyangu viko inje, utajua kama niko.